Nani Alifungua Njia ya Hariri? Jibu kwa Muuza Vitambaa wa Kariakoo

Msomaji mmoja anayeuza vitambaa Kariakoo, na ambaye huenda Guangzhou kufuata mzigo, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Safari iliyopita nilipata nafasi nikaingia makumbusho ya wafalme wa Nanyue pale Guangzhou. Nikaona pembe za ndovu ambazo maelezo yanasema ni za tembo wa Afrika, zilizozikwa pamoja na mfalme zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nina maswali matatu. Dola ya Han ilipanuka kwa sababu ya biashara, au biashara ndiyo iliyofuata jeshi? Wafanyabiashara wa hariri wenyewe walikuwa akina nani? Na je, Wachina wa wakati ule walifika pwani yetu?"

Marahaba, ndugu yangu. Jibu la swali la kwanza nalitoa mapema ili usisome ukibahatisha ninakoelekea. Hariri ilianza kutoka China kwa wingi ikiwa malipo ya kununua amani. Baadaye ikatoka ikiwa mshahara wa askari na zawadi kwa wageni wa serikali. Biashara yenyewe iliota pembeni mwa matumizi hayo ya hazina. Hadithi tuliyoizoea huanza na msafara wa ngamia na mfanyabiashara shupavu anayetafuta soko, halafu dola inakuja nyuma yake kulinda njia. Kwa upande wa Wahan ushahidi unaelekea kwingine kabisa, na naamini wewe unayejua thamani ya jora utauona upesi kuliko wengi.

Dola ya Han ilianzishwa nchini China mwaka 202 KK na Liu Bang, mtu aliyezaliwa mkulima. Ilizaliwa dhaifu, imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kaskazini mwake, kwenye mbuga zinazoingia hadi Mongolia ya leo, walikuwapo Waxiongnu, wafugaji wa farasi waliounganishwa na kiongozi mmoja aliyeitwa Modu. Mwaka 200 KK Liu Bang alikwenda kuwapiga mwenyewe. Akazingirwa Baideng, karibu na mji wa Datong wa leo, siku saba mchana na usiku. Alitoka akiwa hai, lakini alikuwa ameelewa. Mwaka 198 KK pakafungwa mapatano: Wahan watampa mkuu wa Waxiongnu mke kutoka ukoo wa kifalme, watapeleka kila mwaka hariri, pombe na nafaka, na watawala hao wawili wataitana ndugu. Mapatano hayo yalifanywa upya mara nyingi katika miaka 60 iliyofuata, na kila mara kiwango kilipanda.

Hapo ndipo hariri ilipoanza kwenda mbugani kwa maelfu ya majora. Hakuna mfanyabiashara aliyekwenda kuitafutia soko. Ilikuwa imekusanywa kwa wakulima kama kodi, ikapakiwa na serikali, ikakabidhiwa adui.

Kulikuwa na watu wa kambi zote mbili waliotambua kwamba zawadi hiyo ilikuwa pia silaha. Msomi kijana wa upande wa Han, Jia Yi, alishauri Waxiongnu wavutwe kwa vitu vizuri: mavazi, vyakula, muziki na nyumba za fahari, hadi wasiweze kuishi bila hivyo. Kwa upande wa pili alikuwapo towashi mmoja aitwaye Zhonghang Yue, aliyelazimishwa kumsindikiza binti wa kifalme hadi kwa Waxiongnu, akakasirika na kuhamia upande wao. Yeye aliwaonya wenyeji wake wasiipende hariri. Aliwaambia waivae kisha wapite na farasi kwenye vichaka vya miiba, waone inavyochanika, ndipo wajue kwamba nguo zao za ngozi na sufu ni bora zaidi. Vyakula vya Wahan akawashauri wavitupe, wabaki na maziwa yao. Habari hii imo katika kumbukumbu za Sima Qian, mwanahistoria wa ikulu aliyeishi wakati wa Kaizari Wu, na mimi huiona kuwa mojawapo ya habari zenye maana kubwa kuliko zote za enzi ile. Mtu aliyekulia ndani ya ikulu alikwisha kufahamu kwamba anayezoea bidhaa ya jirani huanza kumtegemea.

Hawakumsikiliza. Waliyapenda masoko ya mpakani, na hata vita vilipoanza waliendelea kwenda. Mwaka 133 KK Kaizari Wu, aliyetawala tangu 141 hadi 87 KK, aliamua kuachana na mapatano na akatega mtego katika mji wa Mayi. Mtego ukafichuka, uhasama ukawa wazi. Ajabu ni kwamba masoko hayakufungwa: Waxiongnu walishambulia vijiji vya mpakani na bado walikuja kununua, na serikali ya Han iliwaacha waje. Mwaka 129 KK ikatuma majenerali wanne, kila mmoja na wapanda farasi 10,000, kuwapiga hapohapo karibu na masoko. Ukitaka tukio moja la kulikumbuka kuhusu uhusiano wa biashara na jeshi katika dola hii, likumbuke hilo. Soko lilitumika kama chambo.

Kuanzia hapo upanuzi ulikwenda kasi. Mwaka 127 KK Jenerali Wei Qing aliteka eneo la Ordos kwenye pindo kubwa la Mto Manjano. Mwaka 121 KK mpwa wake Huo Qubing, kijana wa miaka ishirini hivi, alivunja nguvu za Waxiongnu katika Ukanda wa Hexi, kipande chembamba cha ardhi kati ya milima ya Qilian na jangwa. Ukanda huo ndio mlango wa pekee ulio rahisi kutoka China kwenda Asia ya Kati. Polepole ikawekwa humo mikoa minne: Jiuquan, Zhangye, Wuwei na Dunhuang. Watu walihamishwa kwa mamia ya maelfu kwenda kulima huko, mifereji ikachimbwa, na ukuta wenye minara ya ulinzi ukasogezwa magharibi hadi Lango la Yumen.

Lengo lilikuwa kuwatenga Waxiongnu na washirika wao wa magharibi na kusini. Mkakati wa vita ulikuwa huo, na mtu aliyetumwa kuutekeleza kwa njia ya diplomasia ndiye Zhang Qian, ambaye watu wengi humwita mfunguzi wa Njia ya Hariri, yaani njia za misafara kutoka China hadi nchi za magharibi. Yeye hakutumwa kutafuta soko. Mnamo 138 KK alipewa watu zaidi ya 100 awatafute Wayuezhi, kabila lililofukuzwa na Waxiongnu, awashawishi warudi kupigana. Alikamatwa na Waxiongnu njiani akakaa nao karibu miaka 10, akaoa, akapata mtoto. Alipotoroka hakurudi nyumbani. Aliendelea na kazi aliyotumwa. Akafika Dayuan, yaani bonde la Fergana, akaendelea hadi walipokuwa Wayuezhi, kaskazini mwa Baktria, nchi iliyokuwa upande wa Afghanistan ya leo. Hao walikuwa wamepata ardhi nzuri na hawakuwa na hamu ya kulipiza kisasi. Zhang Qian akarudi mikono mitupu, akakamatwa tena, akatoroka tena, na mwaka 126 KK akaingia Chang'an, mji mkuu wa Han, baada ya miaka 13. Kati ya wale zaidi ya 100 walirudi wawili tu: yeye na Ganfu, mtumwa mwenye asili ya Kixiongnu ambaye kila chakula kilipowaishia aliwinda kwa upinde wakala. Nasikitika kwamba jina la Ganfu hutajwa kwa nadra sana, wakati bila mshale wake habari zile zisingefika.

Kisiasa safari ilishindwa. Lakini huko Baktria Zhang Qian aliona kitu kilichomshangaza: fimbo za mianzi na vitambaa kutoka Shu, yaani Sichuan ya leo. Alipouliza vimefikaje, akaambiwa wachuuzi wa pale hununua India. Fikiria maana yake. Mjumbe wa kwanza wa Han anafika ncha ya dunia aliyoijua, anakuta bidhaa za kwao zimekwisha kutangulia sokoni, zimepita njia ambayo ikulu haikuijua kabisa. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba biashara haikuwapo kabla ya jeshi. Ilikuwapo, ndogo, ya mkono kwa mkono, isiyoandikwa na mtu. Jeshi na hazina viliikuta, vikaikuza mara nyingi kuliko ilivyoweza kukua yenyewe.

Sababu nyingine ya kwenda magharibi ilikuwa farasi. Mwaka 119 KK Wahan walipovuka jangwa la Gobi kupigana na Waxiongnu, Sima Qian anaandika kwamba walitoka na farasi 140,000 na waliorudi hawakufika 30,000. Huwezi kupigana na wafugaji wa farasi bila farasi, na China ya kilimo ilikuwa na malisho machache. Fergana ilisifika kwa farasi wakubwa ambao Kaizari aliwaita farasi wa mbinguni. Alituma wajumbe wakawanunue kwa dhahabu, pamoja na sanamu ya farasi ya dhahabu. Wenyeji wakakataa, wajumbe wakatukana, wakauawa njiani. Kuanzia 104 hadi 101 KK Jenerali Li Guangli aliongoza kampeni mbili. Ya kwanza iliishia kwa njaa. Katika ya pili alitoka Dunhuang na askari 60,000 bila kuhesabu wabeba mizigo, ng'ombe 100,000 na farasi 30,000. Akauzingira mji na kuugeuzia maji yake, na wakuu wa mji wakamuua mfalme wao wenyewe ili wapate suluhu. Alichopewa ni farasi bora makumi kadhaa, na wa kawaida zaidi ya 3,000. Waliorejea Lango la Yumen ni askari 10,000 na kitu na farasi 1,000 na kitu. Ukiipiga hesabu kibiashara, hakuna bidhaa duniani inayolipa gharama hiyo. Hesabu iliyopigwa ilikuwa ya kuwatia wengine hofu: baada ya Fergana kuanguka, falme ndogo za oasisi zilianza kupeleka wana wao Chang'an kama rehani ya utii.

Gharama zilimwangukia nani? Hili nalitilia mkazo kwa sababu wengi husimulia Njia ya Hariri kana kwamba iliwatajirisha wote walioigusa. Ili kulipia vita, Kaizari Wu aliweka ukiritimba wa serikali juu ya chumvi na chuma kati ya 119 na 117 KK, akatoa sarafu mpya ya shaba iitwayo wuzhu mwaka 118 KK, na akawatoza wafanyabiashara kodi ya mali zao yote, kwa ahadi kwamba atakayemfichua mwenzake aliyedanganya atapata nusu ya kitakachotaifishwa. Matajiri wengi wa kati walifilisika. Serikali iliyofungua njia kubwa ya biashara ndiyo hiyo hiyo iliyowabana wafanyabiashara wake nyumbani.

Mwaka 81 KK, miaka sita baada ya Wu kufa, paliitishwa mjadala ikulu kuhusu ukiritimba huo. Maofisa, wakiongozwa na Sang Hongyang ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, walijitetea kwamba kwa kipande kimoja cha hariri ya kawaida unapata kwa Waxiongnu vitu vya thamani ya dhahabu, kwa hiyo unapunguza mali ya adui huku unaongeza yako. Punda, nyumbu na ngamia wanaingia mpakani kwa mfululizo, ngozi za manyoya na mawe ya jedi yanajaza hazina. Wasomi kutoka mikoani wakajibu kwamba hariri hiyo ni jasho la wanawake wanaofuga viwavi na kusokota usiku, na kinachorudi ni mapambo ya wakubwa ambayo mkulima hayali wala hayavai. Nimeusoma mjadala huo kwa miaka mingi na kila mara nawaona wasomi wale wakiwa na hoja nzito zaidi, ingawa hawakuwa na jibu la nani angewalinda wakulima wa mpakani kama jeshi lingerudishwa. Hata Wu mwenyewe, mwaka 89 KK, alikataa pendekezo la kupeleka askari wakulima wengine Luntai, kwenye bonde la Tarim, akikiri kwamba watu walikuwa wamechoka.

Sasa tuingie kwenye jora lenyewe. Huko mpakani sarafu za shaba zilikuwa nzito kusafirisha na mara nyingi hazikutosha. Hariri ilikuwa nyepesi, ilikubalika kila mahali, na serikali ilikuwa nayo tele. Kwa hiyo askari na maofisa walilipwa sehemu ya mishahara yao kwa majora. Mwaka 1907 mtafiti Aurel Stein alipata kwenye minara iliyoachwa karibu na Dunhuang kipande cha hariri chenye maandishi yanayosema kimetoka Kangfu katika ufalme wa Rencheng, kwenye Shandong ya leo, upana chi 2 na cun 2, urefu chi 40, uzito liang 25, thamani sarafu 618. Kwa vipimo vyetu ni kama nusu mita kwa mita tisa. Vipimo vilikuwa sawa nchi nzima kwa sababu jora lilikuwa fedha. Askari aliyelipwa jora alihitaji nafaka, viatu, nyama, dawa. Akalibadilisha kwa mchuuzi wa oasisi, naye akalipeleka magharibi. Hapo, kwenye mkono wa askari, ndipo hariri ya serikali ilipogeuka kuwa bidhaa.

Kuna kituo cha njiani kiitwacho Xuanquan, mashariki mwa Dunhuang, kilichofukuliwa kati ya 1990 na 1992. Humo kilipatikana kiasi cha vibao 23,000 vyenye maandishi: hesabu za chakula cha wageni, vibali vya kupita, idadi ya farasi. Wajumbe kutoka falme za Asia ya Kati walipewa malazi na chakula kulingana na cheo chao, na serikali ya Han iliwalipa kwa "zawadi" walizoleta. Mwaka 39 KK wajumbe wa Kangju, nchi iliyokuwa upande wa Samarkand, waliandika malalamiko. Ngamia wao, walisema, walikuwa weupe na wanono, lakini maofisa wa Jiuquan waliwathaminisha bila wao wenyewe kuwapo, wakawaandika kuwa wamekonda na ni wa rangi ya manjano, na chakula cha njiani hawakupewa kama ilivyokuwa desturi. Ukisoma kibao hicho unasahau maneno makubwa ya "kodi ya utii" na "heshima kwa Mwana wa Mbingu", yaani kaizari. Unaona watu waliokuja kuuza, na mthamini wa forodha aliyewapunja.

Ikulu ilijua hivyo. Ofisa mmoja, Du Qin, katika miaka ya 20 KK aliandika kuhusu wajumbe wa Jibin, upande wa Kashmir na Gandhara, kwamba wanaokuja si wakubwa wala jamaa wa mfalme, ni wachuuzi wa hali ya chini wanaotaka kuuza na kununua, na ujumbe ni kisingizio tu. Hili ni sehemu ya jibu la swali lako la pili. Wengi wa waliofanya biashara ndefu hawakuwa Wachina. Raia wa Han hakuruhusiwa kuvuka mpaka bila kibali, na vitu kama chuma na silaha vilikatazwa kutolewa nje. Aliyesafiri mbali alikuwa mtu wa Fergana, wa Samarkand, wa Baktria, wa India, na kila mmoja alipita kipande chake cha njia kisha akamkabidhi mwingine, kama mzigo unavyopita kwa mawakala watatu au wanne kabla haujafika dukani kwako.

Na ile hariri ya amani haikukoma hata Waxiongnu waliposhindwa. Mkuu wao Huhanye alipokuja Chang'an kukubali ukubwa wa Han mwaka 51 KK, alipewa majora 8,000 na jin 6,000 za pamba ya hariri (jin moja ni kama robo kilo). Kila ziara iliyofuata kiwango kiliongezeka, hadi ziara ya mwaka 1 KK ikafikia majora 30,000 na jin 30,000. Aliyejisalimisha alilipwa zaidi ya aliyepigana. Katika makaburi ya wakuu wa Kixiongnu huko Noin-Ula, Mongolia, wachimbaji walikuta hariri za China, kikombe cha laka chenye tarehe inayolingana na mwaka 2 KK, na vitambaa vya sufu vilivyofumwa magharibi, vyote katika kaburi moja. Huko mwishoni mwa karne ya 1 BK, waziri Yuan An alieleza kwamba kuwagharimia Waxiongnu wa Kusini kulikula sarafu zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, na nchi za Magharibi zaidi ya milioni 74. Hiyo ndiyo iliyokuwa injini ya biashara: ruzuku ya ulinzi.

Mabadilishano ya kitamaduni nayo yalipita humohumo, na kwa kiasi kikubwa yalipita kwa wanawake. Mnamo 105 KK binti wa kifalme Liu Xijun aliozwa kwa mfalme mzee wa Wawusun, waliokuwa upande wa bonde la Ili. Mahari yake ilikuwa farasi 1,000. Hakujua lugha ya mumewe, na limehifadhiwa shairi lake akilia kwamba nyumba yake ni hema, ukuta wake ni sufu, chakula chake nyama, na kwamba laiti angekuwa ndege arudi kwao. Mfalme alipotaka kumwoza kwa mjukuu wake kwa desturi ya kwao, Xijun aliandika Chang'an kuomba msaada. Akajibiwa afuate mila za wenyeji, maana Kaizari aliwahitaji Wawusun dhidi ya Waxiongnu. Alikufa huko. Aliyemfuata, Liu Jieyou, alikuwa mtu wa chuma kabisa. Alikaa nusu karne, akaolewa na wafalme watatu mmoja baada ya mwingine, akarudi mwaka 51 KK akiwa na miaka 70 hivi. Binti yake aliolewa na mfalme wa Qiuci, oasisi ya Kucha. Mfalme huyo alipotembelea Chang'an mwaka 65 KK aliyapenda mambo ya kule, akajenga kasri kwa mtindo wa Kihan, akavaa kwao, akaweka kengele na ngoma mlangoni. Majirani zake wakamcheka: punda si punda, farasi si farasi, mfalme wa Qiuci ni nyumbu. Kejeli hiyo imeandikwa katika historia rasmi ya Han, na inaonyesha kwamba kuiga hakukuwa jambo dogo hata wakati ule.

Kutoka magharibi zilikuja zabibu na majani ya alfalfa kwa ajili ya farasi, mbegu zikaletwa na wajumbe na kupandwa karibu na makasri. Kutoka mashariki walitoka watu wenye ujuzi. Sima Qian anasema ni watoro kutoka misafara ya Han waliowafundisha watu wa Fergana na nchi za jirani kutengeneza silaha kwa namna yao, na mji uliozingirwa na Li Guangli ulikuwa umepata mtu wa kutoka China aliyejua kuchimba visima. Ufundi ulivuka mpaka kwa miguu ya waliokimbia jeshi.

Nije sasa kwenye bahari na pembe zako za ndovu. Guangzhou wakati ule iliitwa Panyu, na haikuwa ya Han. Ilikuwa makao ya ufalme wa Nanyue. Kaburi uliloliona liligunduliwa mwaka 1983, ni la mfalme wa pili, Zhao Mo, aliyefariki mnamo 122 KK. Mbali na pembe, kulikuwa na kijaluba cha fedha cha mtindo wa Kiajemi na ubani. Maana yake ni kwamba bandari hii ilikuwa ikipokea vitu vya Bahari ya Hindi kabla jeshi la Wu halijaiteka mwaka 111 KK. Huku kusini, basi, mambo yalikuwa tofauti na kaskazini: biashara ilitangulia, na vyanzo vya Kihan vinasifu Panyu kwa lulu, pembe za kifaru, kasa na pembe za ndovu. Utajiri huo ulikuwa sehemu ya kivutio. Baada ya utekaji, historia ya Han inaeleza safari kutoka Xuwen na Hepu hadi nchi ya Huangzhi, ambayo wasomi wengi huiweka India ya kusini. Maofisa wa ikulu walipeleka dhahabu na hariri wakaleta lulu na vioo, lakini walipanda merikebu za wafanyabiashara wa kigeni, wakihamishwa kutoka moja hadi nyingine.

Kwa hiyo Wachina wa enzi ya Han hawakufika pwani yetu. Hao wa Zheng He, amiri wa merikebu za China, waliofika Malindi ni wa karne ya 15, miaka zaidi ya 1,500 baada ya Panyu kutekwa. Pembe ya tembo wa Afrika ikionekana Panyu haihitaji mjumbe wa Kichina Afrika, wala si lazima itoke kwetu, maana tembo walikuwapo pia Pembe ya Afrika na bonde la Nile, na masoko ya Bahari Nyekundu yalikuwa karibu zaidi na Wahindi na Waarabu. Lakini uhusiano wa kweli upo, na ni mzuri. Katikati ya karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri anayeandika Kigiriki, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alieleza bandari za Bahari ya Hindi. Anaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu, akisema linatoa pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Katika maelezo hayohayo anataja mji wa mbali uitwao Thina, ambako hariri huletwa kwa nchi kavu kupitia Baktria hadi bandari ya Barygaza, India, na kwamba ni watu wachache sana wanaotoka huko. Mtu mmoja, kwa kalamu moja, alijua ncha zote mbili. Mahali zilipokutana ni India.

Wahan waliwahi kujaribu kufika Rumi. Mwaka 97 BK Jenerali Ban Chao alimtuma Gan Ying, akafika hadi ufuko wa bahari katika himaya ya Waparthi, watawala wa Uajemi wa wakati ule. Mabaharia wakamwambia kwamba upepo ukiwa mzuri ni miezi mitatu, ukiwa mbaya ni miaka miwili, kwa hiyo wasafiri hubeba chakula cha miaka mitatu, na wengi hufa kwa kukumbuka nyumbani. Akageuka. Waparthi walikuwa na sababu: wao ndio waliokuwa wakiiuza hariri ya China kwa Warumi, na wanunuzi na wauzaji wakikutana, wa katikati anapoteza. Pliny, mwandishi wa Kirumi, alilalamika kwamba India, China na Arabia zilikuwa zikivuta kutoka Rumi sarafu za sesterti milioni 100 kila mwaka. Mwaka 166 BK wakafika kwa njia ya Rinan, Vietnam ya leo, watu waliosema wametumwa na Andun, mfalme wa Rumi, jina linalolingana na Antoninus. Walileta pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Waandishi wa Han walishuku, kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote cha ajabu humo. Mimi naamini walikuwa wachuuzi waliojipa cheo, maana mzigo wao ni mzigo wa bandari za Bahari ya Hindi, uleule ambao Rhapta ilikuwa ikiuza.

Njia hizo zilileta pia jambo ambalo hakuna kaizari aliyelitafuta. Mwaka 65 BK barua ya ikulu inamtaja mwana wa mfalme Liu Ying wa Chu akiandaa karamu kwa watawa wa Buda. Mwaka 148 BK akafika Luoyang, mji mkuu wa wakati huo, mtawa wa Kiparthi, An Shigao, akaanza kutafsiri maandiko ya Kibudha kwa Kichina. Serikali iliyokuwa ikiwahudumia wageni wa aina hiyo ilianguka mwaka 220 BK, na dini yao ikaendelea kukua.

Wafanyabiashara nao waliendelea. Stein, katika safari ileile ya 1907, alikuta ndani ya mnara mmoja magharibi ya Dunhuang mfuko wa barua zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa Kisogdi, lugha ya watu wa Samarkand, ambazo wasomi wengi huziweka mnamo 313 BK. Mmoja wa waandishi, Nanai-vandak, anawaarifu wakubwa wake huko Samarkand kwamba Luoyang imeteketea na kaizari amekimbia njaa, halafu, katika barua hiyohiyo, anaagiza miski yake igawanywe vipi na fedha alizoziacha ziwekezwe kwa ajili ya mtoto yatima. Mwanamke aitwaye Miwnay anamlalamikia mumewe kwa kumtelekeza Dunhuang na binti yao. Barua hizo zinataja mawakala wa Kisogdi wakiwa Dunhuang, Jiuquan na Wuwei, miji ambayo dola ya Han iliianzisha kama ngome za askari. Hao ndio wafanyabiashara uliowauliza.